Nilichuja sumu kwenye kisima chetu Magomeni, Kilosa, kwa mkaa wa vifuu. Ndoo ya jikoni ikaniumbua

Wakuu, nawasalimu. Wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu mambo, na nyie mnaosoma kwenye kompyuta za ofisini huku mmekunja sura kama mnafanya kazi, poleni na majukumu.

Ninayoandika yamenikuta mimi, siyo rafiki wa rafiki. Nimebadili majina tu, kwa sababu mama mkwe wangu ana wajukuu wanaoshinda humu.

Mods, naomba uzi ubaki hapa. Msiuhamishie kwenye vichekesho. Mtacheka, najua, lakini mimi nilikaribia kulazwa.

Kwanza nijitambulishe. Nina duka la pembejeo hapa Magomeni, Kilosa. Mbegu, mbolea, mabomba ya kupulizia na dawa za wadudu.

Dawa ndiyo inayotoka. Wakulima wa nyanya na bamia wa huku bondeni hawapimi, wanamimina. Lebo inasema kifuniko kimoja kwa bomba, mtu anatia vitatu. Ukimuuliza anakwambia wadudu wa siku hizi wakaidi.

Na mimi namuuzia. Usinitolee macho mkuu, na wewe nyanya unakula.

Halafu nina diploma ya maabara. Sijawahi kuajiriwa nayo, lakini hakuna mtu mtaa huu ambaye hajui kwamba ninayo.

Mke wangu tumwite Rehema. Kwao ni Mikumi. Mwaka wa kwanza wa ndoa alishika mimba, ikatoka ikiwa na miezi minne.

Hapo sitaeleza sana. Niseme tu kwamba siku aliyorudi hospitali nilimkuta kitandani na vile vinguo vidogo alivyokuwa ameanza kukusanya. Anavikunja, anavikunjua, anavikunja tena. Nikaenda kufungua duka.

Baadaye nesi mmoja wa kliniki akatuuliza maji tunachota wapi. Tukamwambia kisima cha uani, kifupi, tunachangia na majirani, na juu yake kidogo kuna bustani. Akasema hawezi kujua kama hicho ndicho kisa, na huenda asijue mtu yeyote, ila angekuwa yeye angeyapima.

Nikabeba chupa ya maji ya kisima hadi maabara Morogoro. Majibu yakaja: kuna mabaki ya kiuatilifu. Jina la kitaalamu lilikuwa refu, nikasema ngoja nilitafute ni dawa gani hiyo.

Sikwenda mbali wakuu. Ilikuwa dukani kwangu, rafu ya pili, pembeni ya kalenda.

Nilikaa nikaitazama ile chupa kama mtu aliyefumaniwa.

Mwenye akili angeacha kuiuza siku ileile. Mimi nina diploma. Nikasema tatizo la kisayansi linataka suluhisho la kisayansi, yaani asubuhi nauza dawa, jioni naichuja.

Nikaingia mtandaoni, nikaangalia video mpaka bando likakata. Nikajifunza kutengeneza activated carbon, yaani mkaa wa kunasa sumu, kwa vifuu vya nazi.

Nikazunguka kwa mama lishe wote wa sokoni kuomba vifuu. Mmoja akaniuliza kama duka limekufa na sasa nachonga upawa. Ndani ya wiki nikawa naitwa Mzee Vifuu, na mimi sijafika hata miaka arobaini.

Kwa wasiojua kazi yake iko hivi. Unachoma vifuu ndani ya pipa lililofunikwa, hewa iwe kidogo, ili viwe mkaa visiwe majivu. Unavunja punje ndogondogo. Unaloweka kwenye kemikali ya kuuamsha, unachoma tena, unaosha na kuosha mpaka maji yatoke meupe.

Mkaa ule una vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Maji yakipita, sumu inanasa mle, maji yanaendelea na safari.

Mara tatu za mwanzo nilipata majivu. Mara ya nne nikaunguza uzio. Mara ya tano ukatoka mkaa mweusi, mwepesi, unang'aa, ukiukanyaga unalia krr krr.

Nikapanga pipa juu ya stendi: kokoto, mchanga, mkaa katikati, bomba chini. Nikapeleka tena maji Morogoro. Majibu: haijaonekana.

Wakuu, nilimsomea Rehema lile neno mara tatu. Wakati huo ana mimba ya pili, miezi mitano. Nikampiga bega, nikamwambia, "Mke wangu, mkaa huu unasafisha sumu zote. Kunywa bila wasiwasi."

Kisha nikatoka kwenda kuwaambia watu.

Samahani, mteja ameingia... Nimerudi. Naona kuna mtu ameshaandika "weka picha". Mkuu, subiri kwanza, picha ninayoikumbuka mimi huwezi kuitaka.

Basi umaarufu ukaja. Mwenyekiti wa mtaa akaja kuonja maji. Watu wa bustani wakaja. Wakaja wageni wa shirika fulani wakiwa na fulana zinazofanana, wakapiga picha na pipa langu, mimi nikiwa katikati nimeinua kifuu.

Nikaandaa semina uani kwangu. Nikaazima projekta, nikatundika shuka ukutani, saa saba mchana, jua la Kilosa lile. Hakuna aliyeona chochote kwenye shuka. Kila nikibonyeza, wanapiga makofi.

Nilifundisha masaa mawili. Na jambo nililolisisitiza sana, kidole juu, ni hili: "Ndugu zangu, mkaa huu una kikomo. Vitundu vikishajaa, umechoka. Sumu yote iliyokuwa kwenye maji sasa imo ndani ya mkaa. Msiuguse ovyo, msiuache watoto wakauchezea, unazikwa mbali na maji."

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kibwana, aliandika kila kitu kwenye daftari. Hata Chande, jirani yangu muuza mahindi ya kuchoma, aliuliza swali la maana sana.

Rehema alikuwa nyuma ya nyumba na tumbo lake, anakaanga maandazi ya washiriki.

Baada ya wiki kadhaa nikabadilisha mkaa. Ule uliochoka nikautia kwenye ndoo nyeupe. Nikachukua marker pen nikaandika SPENT CARBON, kwa Kiingereza, ili wageni wakija waone kwamba hapa pana taaluma.

Nilitaka kuuzika kesho yake. Mwenyekiti akakataa. Akasema kutakuwa na uzinduzi, na mgeni rasmi lazima aoneshwe mkaa mpya na mkaa uliotumika, huku na huku, ndivyo inavyofanyika. Ikaundwa kamati ya maandalizi. Kamati ikaunda kamati ndogo ya mapokezi.

Mgeni rasmi akaahirisha. Ana kikao. Akaahirisha tena. Ana kikao kingine. Mara ya tatu tulikuwa tumeshapaka stendi ya pipa rangi ya bluu.

Ndoo ikakaa inasubiri. Stoo ilikuwa inavuja, mvua zimeanza, nikaiweka kwenye banda la jiko, pembeni ya mafiga.

Kuna mkuu hapo chini anauliza kwa nini nisingezika tu nikamwachia mgeni kiasi kidogo. Mkuu, umewahi kuwa kwenye kamati ya mapokezi wewe? Basi nyamaza.

Siku moja nikaikagua ndoo, nikaona imepungua. Nikadhani macho. Baada ya siku nne imepungua tena, imefika nusu.

Nikajiuliza, nani anachukua mkaa wenye sumu? Nikatupa macho uzioni, nikamwona Chande na jiko lake, anapepea, watoto wa shule wamepanga foleni ya mahindi.

Mahindi yake wiki ile yalikuwa yanaiva vizuri ajabu.

Sikumfuata nikamuuliza kistaarabu kama jirani. Hapana. Nilikwenda kumchukua Mzee Kibwana na nusu ya kamati ya maandalizi, tukamleta Chande uani kwangu kama mshtakiwa.

"Chande," nikamwambia, "unawaua watoto wa watu."

"Mimi?" Chande akashika kiuno. "Mimi nichomee mahindi chenga zile? Zitadondoka zote chini ya jiko! Njoo uone gunia langu, mkaa wa miti, tena umejaa."

"Mtaalamu," balozi akasema taratibu, "ushahidi unao?"

Ushahidi sina, lakini diploma ninayo. Nikaanza kuwaeleza jinsi carbon inavyowaka, joto lake, moshi wake, kwa nini mahindi ya Chande yana rangi ile. Nikaomba hata fimbo ya kuchorea chini.

Rehema akatokea jikoni na sinia la chai ya wageni. Akasimama, akasikiliza ninavyomshitaki Chande kwa fomula. Akashindwa kujizuia, akacheka.

Mke wangu akicheka anacheka na mdomo wote. Meno yalikuwa meusi. Ya juu meusi, ya chini meusi, ulimi mweusi.

Balozi, mtu mzima yule, akainamisha macho kwenye kikombe. Chande akanigeukia, "Mzee Vifuu, mwizi wako si huyo hapo na sinia?"

Rehema akaziba mdomo na kanga. Akaona aibu, mbele ya wanaume wote wale.

"Nakula kidogo tu," akasema. "Hamu imenishika. Udongo si umenikataza mwenyewe, ukasema una minyoo?"

Ni kweli. Wajawazito wetu mnawajua, mwingine udongo wa sokoni, mwingine mchele mbichi, mwingine mkaa. Yeye alikuwa na udongo wake kwenye kitambaa, nikautupa na hotuba ya nusu saa juu ya minyoo.

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu uiweke ile ndoo hapo. Si wewe uliniambia unasafisha sumu zote? Nikasema basi unisafishe na mimi huku tumboni. Huyu asije akatoka kama yule."

Wakuu, nilikaa chini palepale kwenye matope, na suruali yangu ya semina. Yule mtoto niliyemjengea pipa zima ndiye niliyemlisha sumu, tena imekusanywa na kuwekwa pamoja kwa utaalamu wangu.

Balozi akamwambia Chande akimbie akaite bajaji. Chande akaacha mahindi yanaungua, akakimbia. Mtu niliyetoka kumwita muuaji.

Hospitali tulimkuta daktari wa kike, kijana. Akataka kujua ni sumu gani. Nilikuwa nimepita dukani kuchukua chupa, nikampa. Akaisoma yote, mbele na nyuma.

"Hii dawa nani amewauzia?"

"Mimi."

"Nauliza aliyewauzia nyinyi."

"Mimi, dokta. Mimi ndiye ninayeuza."

Akamgeukia Rehema na hakuniuliza tena kitu.

Alimpima anavyoweza. Mapigo ya mtoto yapo. Akatueleza kwamba mkaa wa namna ile hushika kwa nguvu kile ulichokamata, kwa hiyo huenda sehemu kubwa imepita tumboni na kutoka. Huenda. Kipimo cha kuhakikisha hawana.

"Sijui kama mtoto amedhurika," akasema, "na sitakudanganya mama. Utakuja kliniki kila wiki, na uhesabu anavyocheza."

Mimi nilizoea kuwa mtu wa majibu. Nilitoka pale na hilo "sijui" nikakaa nalo miezi miwili.

Nilirudi nikatoa ile dawa yote kwenye rafu. Msinipigie makofi. Wakulima wamehamia duka la jirani, na wakipita wananisalimia kwa huruma kama mgonjwa.

Mgeni rasmi, kama mnataka kujua, alikuja. Ndoo haikuwepo, tulishaizika ndani ya dumu lililofungwa, mbali na kisima. Kamati haikukubali kushindwa. Wakajaza ndoo nyingine mkaa wa Chande, akaoneshwa, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema wananchi tuache kutumia mkaa uliochoka. Picha zipo.

Mimi sikuhudhuria. Nilikuwa Mikumi.

Mama mkwe aliposikia alipiga simu moja tu. "Mlete mwanangu," akakata. Kwao mtoto wa kwanza anazaliwa nyumbani kwa mama wa binti, kwa hiyo Rehema angekwenda tu, lakini siyo kwa sauti ile.

Nilifika, nikasimama mlangoni na mabegi. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akamchukua mwanae wakaingia ndani. Mimi nikakaa barazani toka asubuhi, naangalia malori ya barabara ya Iringa na nyani wanaookota maganda. Mchana akatoka na glasi ya maji juu ya kisahani, akainama kidogo kwa heshima zote.

"Karibu maji baba. Ya bomba. Hayajapita kwa mtaalamu."

Nikayanywa yote.

Nikawa nakwenda kila Jumapili. Nikifika napewa ungo wa maharage, nachambua na wanawake barazani. Hakuna anayeniuliza kuhusu kemia. Nilichambua maharage mengi sana msimu ule.

Siku za kazi napiga simu. Swali langu moja. "Amecheza?" Rehema anajibu, "Amecheza." Nakata, naendelea na wateja.

Alhamisi moja nikapiga asubuhi, akasema, "Leo bado."

Sikumbuki kama nilifunga duka. Mteja mmoja anadai nilimwachia funguo. Nilipanda gari, nikafika Mikumi nimelowa jasho, sijala, naingia uani mbio bila hata hodi. Rehema yuko kwenye mkeka anakula embe.

"Alikuwa amelala," akasema. Akachukua mkono wangu, akauweka tumboni, mtoto akanipiga teke.

Nilihema kama mtu aliyetua gunia. Mama mkwe alikuwa anatwanga. Aliniona, akaendelea kutwanga, lakini siku ile aliniletea chakula bila kunipitishia ungo wa maharage kwanza.

Rehema alijifungua mchana, hospitali, salama. Msichana. Alilia kwa hasira mpaka manesi wakacheka. Nilihesabu vidole vyake, nikavihesabu tena, nesi akaninyang'anya mtoto.

Mpaka leo yuko vizuri. Anaongezeka uzito, anashika vitu, anafuata sauti. Kliniki wanaendelea kumwangalia na mimi naendelea kuogopa.

Sasa kuna jambo moja, na ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

Siku ya tatu baada ya kuzaa, tupo chumbani kwa mama mkwe. Rehema ananyonyesha, mama yake anakunja nepi. Nikamuuliza swali lililokuwa linanisumbua muda wote. Mkaa mpya ulikuwepo, safi, gunia zima lipo wazi palepale uani. Kama ni hamu tu, kwa nini alikwenda kwenye ile ndoo ya mkaa uliochoka?

Hakuinua hata kichwa.

"Ule mpya ulisema ni wa maji ya watu," akasema. "Nikaona nisikuharibie kazi. Ule wa ndoo nilijua umeshamaliza kazi yake. Ungeniambia una nini ndani, ningeula mimi?"

Kisha akasema, kwa upole tu, "Uliwaambia watu wote pale uani. Mimi nilikuwa nawakaangia maandazi."

Nililia wakuu. Mbele ya mama mkwe, jambo ambalo kwetu halifanyiki. Mama wa watu akaweka nepi chini, akatoka nje, akatufungia mlango.

Funzo langu ni hilo, sina lingine. Mkaa wa vifuu unafanya kazi, maji yamepimwa, majirani wanachota mpaka leo. Aliyeshindwa kazi ni mimi. Nilimweleza balozi, kamati, wageni wenye fulana na muuza mahindi, nikamruka mtu ninayelala naye kitanda kimoja, kwa sababu nilimwona ni wa kuandaa chai tu.

Haya, njooni mnichambe, nimekaa tayari. Ila kabla hujaandika, mwite mwenzako aliyeko jikoni, mweleze unachokifanya huko stoo kwako mpaka akuulize swali. Akikuuliza, njoo utuandikie hapa ameuliza nini.